Mwezi Ukianza Kuyumba: Maneno kwa Wamama wa Kadutu

*Hotuba hii ilitolewa kwa wamama wa vikundi vya kuweka akiba, katika ukumbi wa parokia moja ya Kadutu, Bukavu. Imeandikwa karibu kama ilivyosemwa; maswali ya mwisho yamefupishwa.*

Wamama, jambo yenu!

(Jambo!)

Wa nyuma sijawasikia. Jambo yenu!

(Jambo, mama!)

Asante. Nawasalimu pia baba watatu waliokaa karibu na mlango, tayari kukimbia. Bakieni tu, hakuna aliyekuja kuwashitaki leo.

Mwenyekiti wenu aliniita nizungumze juu ya tansio, yaani shinikizo la damu, na sukari. Nikamuuliza wamama wake wana umri gani. Akasema wengi wamevuka 40, wengine wanaikaribia 60. Nikamwambia basi, mama, tansio na sukari zitapata siku yao. Kuna jambo lingine linalowanyima hao usingizi, na hakuna anayelitaja, hata wakiwa wenyewe kwa wenyewe kwenye kikundi. Wengi wenu mnanijua, mimi ni mkunga, mikono hii imewapokelea watoto, na sasa naanza kuwapokelea wajukuu. Basi niseme kile nilichokiona katika kazi yetu. Mwanamke akiwa na mimba, kila mtu anamtafuta. Kadi ya kupimisha mimba ipo, kadi ya chanjo ya mtoto ipo, hata chandarua cha bure atapewa. Akifika miaka 47, damu inamchezea, mwili unamuwaka moto, halali usiku, hapo hana kadi wala siku yake kwenye kituo cha afya. Atajipanga mstari mmoja na wagonjwa wa malaria, na mara nyingi atatoka na dawa ya malaria.

Jambo langu leo ni moja. Safari ya kuelekea kukoma hedhi kila mwanamke anaipita kivyake. Usijipime kwa jirani, wala kwa dada yako, wala kwa yule mama wa kwaya anayesema yeye hakuona kitu. Ila ndani ya hiyo safari kuna dalili chache ambazo hazipaswi kuitwa umri, na hizo nitazitaja wazi, hata kama padri yuko dirishani.

(Kicheko.)

Mtoto wa kike anazaliwa na mayai yake yote tumboni, hatengenezi mengine baadaye. Miaka inavyokwenda yanapungua. Ukifika miaka ya arobaini, kuna mwezi yai linatoka, kuna mwezi halitoki. Sasa mwili wetu unaendeshwa na homoni mbili kubwa. Estrojeni ndiyo inayojenga utando wa ndani wa kizazi. Projesteroni inakuja baada ya yai kutoka, na kazi yake ni kuutuliza ule utando usizidi. Yai lisipotoka, projesteroni haiji, utando unaendelea kujijenga, na siku unapoanguka, damu inamwagika bila kipimo. Na estrojeni yenyewe haishuki polepole kwa adabu. Inafanya kama umeme wetu wa hapa Bukavu: unakuja, unakatika, unarudi na nguvu ya kuunguza televizyo, halafu unakatika tena. Ndiyo maana mwezi huu matiti yanauma kama ya msichana wa miaka 15, na mwezi ujao umekauka kama kuni.

Wanawake wengi wanaona mwezi wao wa mwisho kati ya miaka 45 na 55. Huku kuyumba kunaanza kabla, kwa wengi kunachukua kama miaka 4, lakini kuna anayemaliza kwa miezi michache na kuna anayevuta hadi miaka 8 au 10. Na hakuna anayejua kwamba huu ndio mwezi wangu wa mwisho. Unajua ukigeuka nyuma tu: miezi 12 imepita bila hata tone, hapo ndipo unasema nimekoma. Ukifika mwezi wa 11 ukaona damu, unaanza kuhesabu upya. Najua, inachosha.

Sasa tuingie kwenye woga wenyewe, maana hiyo ndiyo iliyonileta.

Woga wa kwanza ni mimba. Mama ana miaka 45, mwezi umekawia wiki saba, mtoto wake wa kwanza yuko chuo kikuu, na tayari anawaza atawaangaliaje watu. Wengine wanakuja kwangu wakilia kabla hata ya kupima. Mara nyingi hakuna mimba. Lakini sikilizeni vizuri: mimba inaweza kuingia. Yai linalotoka mara moja kwa miezi mitatu bado ni yai. Kwa hiyo usiache uzazi wa mpango eti kwa sababu mwezi unakawia. Ukiwa umevuka 50, endelea mpaka umalize mwaka mzima bila damu. Ukiwa chini ya 50, malizia miaka miwili. Na wewe uliye na kijiti mkononi au unayechoma sindano kila miezi mitatu, mwezi wako haukuambii kitu tena, kwa sababu dawa yenyewe inaweza kuupoteza au kuuvuruga. Wewe itabidi tuongee kwa njia nyingine, tukiangalia umri wako na mengine unayoyasikia mwilini.

Woga wa pili ni damu nyingi, na hapa nitakaa kidogo.

Namfikiria mama mmoja anayeuza sambaza kule Muhanzi. Alikuwa anavaa vikwembe viwili chini ya kile cha juu, na anakalia gunia alilolikunja mara nne. Mteja akija hasimami. Anamtuma mtoto alete beseni, anapima samaki akiwa amekaa, watu wanadhani ni kiburi. Jioni anangoja giza liingie ndipo ainuke. Kupanda kurudi nyumbani, mnazijua njia zetu za huku juu, anasimama kila baada ya nyumba tano, masikio yanavuma, moyo unampiga. Nyumbani kwao walimwambia aache damu itoke, ni uchafu wa zamani, mwili unajisafisha kabla ya kufunga. Alipofika kwetu, viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo.

Wamama, damu hiyo haina uchafu wowote. Ni damu yako ile ile inayobeba hewa. Ukilazimika kubadili pamba kila saa, kwa saa kadhaa mfululizo, nenda ukaonwe. Nenda pia ukiona mabonge makubwa, au damu ikipita siku 7 kila mara, au ikitoka katikati ya miezi, au baada ya kulala na mumeo. Inaweza kuwa homoni tu, inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi, ambao ni wa kawaida sana kwetu na una matibabu. Na inaweza kuwa kitu kibaya zaidi. Ile ambayo haina mjadala kabisa ni hii: umekoma, umemaliza miezi 12 au zaidi, halafu damu inarudi, hata kidogo, hata mara moja. Usifurahi kwamba ujana umerudi. Nimesikia wanaofurahi! Hiyo damu inatakiwa kuchunguzwa, maana inaweza kuwa ishara ya saratani, na ya mapema inatibika.

Nikiwa hapo hapo: saratani ya mlango wa kizazi inaanza kimya. Kuna kipimo cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama rangi inageuka nyeupe. Kinachukua dakika chache. Najua katika mji huu kuna wamama ambao kulala kwenye meza ile na kufungua miguu kunawarudisha mahali ambapo hawataki kurudi. Mwambie mkunga kabla hujapanda. Una haki ya kusema "simama", una haki ya kuomba mwanamke akupime, una haki ya kuja na dada yako akushike mkono.

Woga wa tatu ni joto. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni, uso unalowa, moyo unakimbia, dakika chache limekwisha na unabaki unatetemeka kwa baridi. Sisi tunakaa mita kama 1,500 juu, mwezi wa saba usiku watu wanatafuta blanketi la pili, na wewe unalitupa chini. Chanzo kiko kwenye ubongo, mahali panapopima joto la mwili. Estrojeni ikiyumba, pale pahali panakuwa pepesi kushtuka, joto dogo tu linaitwa moto. Kuna mwalimu mmoja aliniambia lilimshika akiwa ubaoni, chaki ikamtelezea mkononi kwa jasho, wanafunzi wa mbele wakaanza kunong'onezana kwamba madamu analia. Akatoka nje, akasimama chini ya paa, akarudi, akaendelea na hesabu za sehemu. Alikuwa amekwisha kumeza dawa za malaria mara kadhaa katika mwaka ule, mara nyingine bila kupimwa hata tone la damu.

Basi tofautisheni. Malaria inapandisha joto hadi kipimajoto kinaliona, inaumiza kichwa na viungo, na haikuachi baada ya dakika tano ukaendelea kukaanga ndizi. Pima kwanza, ndipo umeze. Na jasho la usiku likija pamoja na kikohozi kinachopita wiki mbili, na nguo zinakuwa pana, usiseme ni umri. Nenda ukapimwe kifua kikuu.

Sasa kuna hili la kutolala, na sitaki nilipite haraka, kwa sababu hapa Kivu linaweza kuua. Mama wa miaka 50 anaamka saa nane za usiku, amelowa, anatoka nje kupunga hewa. Anazunguka kidogo uani. Jirani anamwona. Kesho mtoto wa jirani anaugua. Mnajua yanayofuata. Katika mkoa wetu wamama wameuawa kwa kushukiwa uchawi, tena wengi wao ni watu wazima ambao kosa lao ni umri. Kwa hiyo ninapowaambia wabinti na wakwe zenu waelezwe jambo hili, siongei habari ya kubembelezana. Mkwe akijua kwamba mama anatoka nje kwa sababu ya joto, jirani akiuliza atamjibu.

Mtaniambia, mama mkunga, katika mji huu nani analala? Kweli. Tumepita usiku wa risasi, tumelala chini ya vitanda na watoto. Mtu anashindwa kujua kama moyo unampiga kwa vita au kwa homoni. Sioni faida ya kugawanya, hii kilo ya vita, hii kilo ya umri. Mwili ni mmoja. Ninachojua ni kwamba katika kipindi hiki huzuni inakuwa karibu zaidi, hasa kwa aliyewahi kuzama katika huzuni baada ya kujifungua au baada ya msiba. Hasira nayo inakuja, na kusahausahau. Mhasibu wa kikundi anahesabu pesa mara tatu anapata majibu matatu. Msimshitaki wizi kabla hamjahesabu pamoja naye. Lakini huzuni ikikaa zaidi ya wiki mbili, huli, hujali watoto, unawaza afadhali ufe, hiyo inataka msaada siku hiyo hiyo. Maombi ni mema. Omba, halafu nenda.

Nimesema kila mtu anapita kivyake. Kuna mama wa Bagira nilimuuliza kwake ilikuwaje, akanijibu: "Niliacha kununua pamba, ndiyo yote." Mdogo wake, tumbo moja, alikuwa anaoga mara tatu kwa usiku. Na kuna mwingine aliyefurahi waziwazi, akasema tangu aolewe ndiyo mara ya kwanza analala na mume wake bila kuhesabu siku vidoleni.

(Kicheko, vigelegele.)

Huko Marekani watafiti waliwafuata wanawake wa asili mbalimbali kwa miaka mingi, na mwaka 2015 wakatoa majibu juu ya joto hili. Kwa nusu ya wanawake waliokuwa nalo mara kwa mara lilidumu zaidi ya miaka 7. Kwa Wamarekani weusi ilifika kama miaka 10, na kwa wenye asili ya Japani chini ya 5. Maisha ya kule si ya Kadutu, sitaki mchukue hesabu yao mkaivaa. Nimewaletea ili mtu asikuambie kwamba umelegea kwa sababu joto lako limefika mwaka wa sita.

Baba, msitoke, sasa ni zamu yenu.

Estrojeni ikipungua, njia ya mwanamke inakauka na ngozi yake inakuwa nyembamba. Tendo linauma. Mama anaanza kugeukia ukutani. Baba anasema ana mtu nje, au anakwenda kujitafutia byuro ya pili, yaani mwanamke wa nje. Hakuna aliyesema neno. Mama anaona aibu, baba ana hasira, na dawa yake ingekuwa ni mazungumzo, subira na mafuta yanayofaa. Kwenye famasi kuna jeli ya maji kwa kazi hiyo. Kama mnatumia kondomu, msipake Vaseline wala mafuta ya kupikia, yanaipasua. Na wamama, acheni kutia humo ndimu, majani, sabuni, aluni, sijui unga gani. Mnaongeza vidonda mahali ambapo tayari ngozi ni nyembamba, na vidonda vinafungulia mlango magonjwa. Nimesikia pia kwamba mwanamke aliyekoma akilala na mume, mbegu zinajikusanya tumboni na kumvimbisha. Hazijikusanyi. Tumbo likivimba na lisishuke, njoo lipimwe, usimsingizie baba wa watu.

Juu ya dawa za homoni, wenye simu mmekwisha kusoma mambo ya kutisha. Chanzo cha woga ule ni utafiti mkubwa wa Marekani ambao sehemu yake ilisimamishwa mwaka 2002, baada ya kuonekana saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda vimeongezeka. Lakini wanawake wale, umri wao wa wastani ulikuwa miaka 63. Leo waganga, yaani madokta, wanasema kwamba kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya 60 au ambaye hajapita miaka 10 tangu akome, na anateseka, kwa kawaida faida inazidi hatari. Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, kiharusi, au damu kuganda miguuni, kwa kawaida hapewi. Na mwenye kizazi chake hapewi estrojeni peke yake, lazima iambatane na projesteroni, ili ule utando usije ukageuka saratani. Ndiyo maana ninakasirika nikiona vidonge hivi vinauzwa kwenye kibanda pamoja na betri. Munganga kwanza. Najua pia kwamba kwa wengi wenu bei yake haishikiki, na sitajifanya sijui.

Yasiyo na bei kubwa nitayapitia mbio. Mifupa inapoteza nguvu haraka miaka ya kwanza baada ya kukoma, kwa hiyo kuleni sambaza na mifupa yao, sombe, lengalenga, maharage, soya. Pombe za jioni, kasiksi na Primus, zinaongeza joto la usiku kwa wengi, pima mwenyewe. Kutembea mnatembea tayari. Ila nyinyi mnaobeba mizigo kwa kamba ya kichwa: mgongo ukianza kuuma ghafla, au umeona umepungua urefu, ule mzigo wa kilo 80 mwachie mwingine.

Maswali.

*Mama mmoja aliuliza: nilitolewa kizazi miaka mitatu iliyopita, damu hakuna, mbona joto limeanza sasa?*

Waliondoa kizazi, lakini inaonekana walikuachia ovari zako, ambazo ndizo zinatoa homoni. Zinachoka kwa wakati wake. Kama na ovari zingetolewa, joto lingekuja palepale, ndani ya siku chache. Tafuta karatasi yako ya operesheni, wengi hawaombi hiyo karatasi na ni haki yao.

*Mwingine: mama mkwe anasema nimewekewa sumu, kwa sababu nakonda na moyo unakimbia.*

Kukonda hakumo katika yale niliyoyataja. Hedhi kuyumba peke yake haikondeshi mtu hivyo. Wewe unahitaji vipimo: damu, sukari, kifua, virusi vya UKIMWI, na kile kitezi cha shingoni, maana kikifanya kazi kupita kiasi kinakimbiza moyo na kukondesha. Sumu mtaijadili vipimo vikishatoka.

*Wa mwisho, dada kijana aliyekuwa amesimama: mimi nina miaka 38, sijaona mwezi tangu mwaka jana, na mama yangu alikoma na 42. Ni urithi tu?*

Urithi unaweza kuwepo, umri wa mama mara nyingi unatoa picha. Lakini kabla ya miaka 40 hatuiachi hivyo hivyo. Kwanza tunahakikisha hakuna mimba, halafu tunapima homoni. Na kama ni kweli ovari zimesimama, wewe ndiye hasa unayehitaji homoni, hadi karibu na umri ambao wengine wanakoma, kwa ajili ya mifupa na moyo wako. Usikubali mtu akuambie ni bahati kwamba umepumzika mapema. Njoo Jumatano asubuhi, dokta wa wanawake anakuwepo siku hiyo. Leta kaye, yaani daftari, andika humo mwezi wa mwisho ulikuwa lini, dawa zote ulizomeza, na kama unatamani bado kuzaa, liandike hilo mstari wa kwanza.